Mjane wa Valparaíso na ugomvi wa kome waliooza

Mwaka 1824 wachapaji wa London walitoa shajara ya mwanamke wa Kiingereza aliyekaa Chile peke yake kwa karibu miezi tisa. Mwaka huohuo Chama cha Jiolojia cha London kilichapa katika jarida lake barua yake fupi kuhusu tetemeko la ardhi. Miaka 200 na ushei imepita. Shajara ingali inasomwa, na Wachile wanaithamini kama picha ya nchi yao ilipokuwa imeanza tu kujitawala. Lakini ni ile barua iliyoleta kasheshe, ikawakosanisha wasomi na nusura ipeleke watu wazima wawili kwenye pambano la bastola.

Mwanamke huyo ni Maria Graham, na mji ni Valparaíso.

Historia ya mwanzo ya mji huu haina mengi. Mhispania Juan de Saavedra alifika kwenye ghuba hiyo mwaka 1536, na kwa karibu karne tatu zilizofuata palikuwa bandari ndogo ya kupakia ngano na shahamu ya ng'ombe kwenda Peru, huku maharamia wakipita kupora mara kwa mara. Mambo yaligeuka mwaka 1811, Wachile walipofungua bandari zao kwa biashara na mataifa mengine. Meli zote zilizokuwa zikizunguka Rasi ya Horn kutoka Atlantiki zikapata pa kupumzikia. Graham alipofika alikuta vibao vya mafundi cherehani, washona viatu na wenye nyumba za wageni wa Kiingereza vimetundikwa kila mtaa.

Hakuja kutalii. Mumewe, Thomas Graham, alikuwa nahodha wa manowari ya Uingereza iliyoitwa Doris, iliyotumwa kulinda maslahi ya wafanyabiashara wa Kiingereza pwani hiyo. Aprili 1822, walipokuwa karibu na Rasi ya Horn, nahodha akafariki. Meli ilitia nanga Valparaíso tarehe 28 Aprili ikiwa na maiti ya mkuu wake na mjane wa miaka 36. Waprotestanti hawakuwa bado na makaburi yao mjini, kwa hiyo marehemu akazikwa ndani ya ngome.

Kila mtu alitarajia mjane apande meli ya kwanza arudi kwao. Maofisa wa Kiingereza walimpa nafasi, akakataa. Akakodi nyumba ndogo Almendral, upande wa mji walikoishi Wachile wenyewe, mbali na mtaa wa wafanyabiashara wa Kiingereza. Watu wakamwonya kwamba pale wezi watamwandama kutoka pande zote. Jibu lake, kama alivyoliandika, lilikuwa la mtu asiyetishika: hana cha kumtamanisha mwizi, na hana nia ya kumchokoza muuaji.

Hapo ndipo shajara inapokuwa tamu. Graham alikuwa amekwisha kuishi India na kuandika juu yake, na alikuwa mchoraji hodari. Michoro iliyomo katika kitabu chake cha Chile ni ya mkono wake mwenyewe. Lakini jicho lake halikukaa kwenye makanisa na mandhari tu. Alitaka kujua mate inanywewaje, yale majani yanayotiwa maji ya moto ndani ya kibuyu na kufyonzwa kwa mrija mmoja unaopita mdomo hadi mdomo, na mgeni akiukataa mrija amewavunjia heshima wenyeji. Aliuliza bei za vitu. Siku moja alikwenda kuwatafuta wafinyanzi waliokuwa wakiuza vyungu mjini. Alidhani atakuta karakana yenye vyombo; alikuta familia maskini zimeketi juu ya ngozi za kondoo mbele ya vibanda, zinafinyanga kwa mikono mitupu bila gurudumu. Akaketi nao chini, akachukua udongo, akaanza kufinyanga.

Siku hizi mwanamke anayezunguka Amerika Kusini peke yake si habari. Yuko Cusco Jumatatu, La Paz Alhamisi, na wiki ya pili yuko Valparaíso akipiga picha kuta zilizochorwa. Hatumlaumu, likizo ni fupi. Ila ni vigumu kufikiri kwamba mtu wa namna hiyo angeona kitu ambacho Graham alikiona Novemba ya mwaka ule, kwa sababu kukiona kulihitaji mtu anayejua ufuko ulivyokuwa jana.

Msomaji wa shajara asidhani anapata picha isiyo na upande. Graham alikuwa rafiki mkubwa wa Lord Cochrane, Mskoti aliyeongoza jeshi la majini la Chile, na adui za Cochrane wakawa adui zake. Jenerali José de San Martín, ambaye Waargentina na Waperu wanamwita mkombozi, alifika kumtembelea Oktoba 1822 na hakupata maneno mazuri hata kidogo. Cochrane na San Martín walikuwa wamegombana vibaya huko Peru, na mjane alikwisha chagua upande. Santiago, alikokwenda Agosti, alipokewa vizuri na mkuu wa nchi, Bernardo O'Higgins, naye anamsifu. Kurasa za Santiago zimejaa dansi na chakula cha mchana kwenye nyumba za wakubwa; wenye subira wazisome wenyewe.

Usiku wa tarehe 19 Novemba 1822 Graham alikuwa Quintero, kaskazini mwa Valparaíso, kwenye nyumba mpya ya Cochrane, akimuuguza binamu yake kijana, ofisa wa majini aliyekuwa mahututi. Kama saa nne na robo usiku ardhi ikaanza kutikisika. Walitoka nje wakiwa na mgonjwa wao, na kwa siku nyingi baadaye walilala kwenye mahema, maana ardhi haikutulia. Valparaíso yenyewe ilibomoka, na Almendral, mtaa wake, ndiyo iliyoumia zaidi ya sehemu nyingine.

Watu wengi waliandika juu ya tetemeko hilo: wafu, makanisa yaliyoanguka, sala za usiku kucha. Graham naye aliyaandika hayo. Kisha akashuka ufukweni. Miamba iliyokuwa imefunikwa na maji siku zote ilikuwa imechomoza. Chaza na kome walikuwa bado wamegandamana na mawe waliyozaliwa juu yake, wamekufa, wananuka. Mabaki ya meli kuukuu iliyozama zamani, ambayo hapo awali hapakuwa na njia ya kuyafikia kutoka nchi kavu, sasa yangeweza kufikiwa kwa miguu. Maji hayakuwa yamerudi nyuma kwa kupwa tu, maana hata yalipojaa hayakufika pale yalipozoea kufika. Alikadiria kwamba pwani imeinuka kama futi tatu Valparaíso na futi nne Quintero. Alitazama pia juu zaidi, akaona mistari ya ufuko wa kale yenye makombe, akahisi kwamba jambo hilo limewahi kutokea, tena zaidi ya mara moja.

Januari 1823 aliondoka Chile pamoja na Cochrane, baada ya kumsaidia kuchapa matangazo ya kuwaaga Wachile kwa mashine ya chapa ya mawe iliyowekwa ndani ya hema. Alipita Brazili, ambako baadaye alirudi kwa muda kumfundisha binti wa Kaizari wa nchi hiyo, huko Rio de Janeiro. Yote aliyoyaona ufukweni aliyaeleza katika barua kwa Henry Warburton, makamu wa rais wa Chama cha Jiolojia, na chama kikaichapa. Wanahistoria wa sayansi wanaitaja kuwa makala ya kwanza ya mwanamke katika jarida hilo.

Ingeishia hapo, kama si Charles Lyell. Mwaka 1830 Lyell alitoa buku la kwanza la kitabu chake kikuu cha jiolojia, akitetea hoja kwamba milima haikutokea kwa ghadhabu moja kubwa ya zama za kale, bali kwa nguvu zilezile tunazoziona leo, futi chache kwa wakati, kwa muda mrefu mno. Alihitaji ushahidi wa ardhi iliyoinuka mbele ya macho ya mtu aliye hai. Akamchukua Graham na kome wake.

George Bellas Greenough hakuipenda hoja hiyo. Huyu alikuwa rais wa kwanza wa chama, na mwaka 1834 alikuwa tena kwenye kiti hicho. Katika hotuba yake ya mwaka alitaka kumpiga Lyell, lakini alimkwepa Lyell mwenyewe na kumshukia shahidi. Aliipitia barua ya mwanamke yule kipengele kwa kipengele akiidhihaki. Mbinu hiyo inajulikana hata barazani: ukimwogopa mwenye ng'ombe, unampiga mchungaji.

Wakati huo shahidi alikuwa mgonjwa. Alikuwa ameolewa tena mwaka 1827 na mchoraji Augustus Wall Callcott. Mwaka 1831 mshipa wa damu ulimpasuka, na tangu siku hiyo safari zikawa zimekwisha. Alikuwa mtu wa kitandani na kwenye kochi, akiandika na kupokea wageni nyumbani kwake Kensington. Mumewe na kaka yake waliposikia hotuba ya Greenough walipandwa na hasira, kila mmoja akataka kumwita rais huyo kwenye pambano. Habari hii tunaipata kwa mjukuu wa ndugu yake mume, mchoraji John Callcott Horsley, yuleyule aliyechora kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapwa na kuuzwa. Anasimulia kwamba mgonjwa aliwaambia wanaume wale wawili wanyamaze: vita ni vyake na atavipigana mwenyewe. Horsley aliyaandika hayo uzeeni, na hadithi za familia huongezwa chumvi, lakini yeyote aliyesoma shajara atatambua sauti.

Silaha yake ilikuwa kijitabu, barua ya wazi kwa rais na wanachama wa chama. Kwa adabu inayochoma, aliyarudia maneno ya Greenough moja baada ya jingine na kuonyesha yalipopotosha aliyoyaandika. Hakuwa na nadharia ya kuitetea, alisema, alieleza alichokiona. Hapa haki inadai tuseme kwamba Greenough hakuwa mtupu kabisa. Alikuwa na shahidi wake, Hugh Cuming, mkusanyaji mashuhuri wa makombe aliyekuwa akiishi Valparaíso mwaka huohuo wa tetemeko, na Cuming alisema hakuona dalili yoyote ya ardhi kuinuka. Mtu aliyeshinda ufukweni akiokota makombe si shahidi wa kupuuzwa.

Ardhi yenyewe ilikata shauri. Tarehe 20 Februari 1835 tetemeko jingine lilibomoa Concepción, kusini mwa Valparaíso, na safari hii meli ya utafiti ya Beagle ilikuwa pwani hiyo. Nahodha wake, Robert FitzRoy, alipima kisiwa cha Santa María na kukuta kimeinuka futi nane hadi kumi. Na alikuta nini juu ya miamba? Kome waliokufa, wanaoza, wamegandamana na mawe juu ya maji. Kijana aliyekuwa naye melini, Charles Darwin, akaweka uzito wake upande wa bibi wa Kensington. Dhihaka ya Greenough haikuwa na pa kusimama tena.

Maria Callcott, kwa jina lake la ndoa ya pili, alifariki Novemba 1842. Waingereza walimkumbuka zaidi kwa kitabu cha historia cha watoto alichokitoa mwaka uleule wa 1835, kilichouzwa vizazi na vizazi. Chama cha Jiolojia, kilichochapa barua yake 1824, kilianza kuwapokea wanawake kama wanachama mwaka 1919.

Valparaíso nayo iliendelea na safari yake. Ilitajirika kwa meli zilizozunguka Rasi ya Horn, ikapanda vilimani kwa vibehewa vya kuvutwa kwa kamba, cha kwanza kikiwa cha Cerro Concepción mwaka 1883. Tetemeko la Agosti 1906 liliua watu wapatao 3,000. Mfereji wa Panama ulipofunguliwa 1914, meli zikapata njia fupi na bandari ikaanza kudorora. Mwaka 2003 UNESCO iliutia mji mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2014 moto uliteketeza nyumba zaidi ya 2,500 vilimani, nyingi za maskini, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Chile ikazuia ujenzi wa jengo kubwa la maduka ufukweni baada ya wakazi kulipinga kwa miaka.

Cheo cha UNESCO hakijaziba nyufa. Vile vibehewa, ambavyo zamani vilikaribia thelathini, vinavyofanya kazi leo havifiki nusu, na vilivyokufa vimebaki chuma cha kutu mlimani huku majumba ya wafanyabiashara karibu na bandari yakianguka vipande. Cochrane ana sanamu yake mjini, na anastahili. Kwa Graham, serikali ya Chile ilifanya jambo moja la heshima: mwaka 2008 ililipia ukarabati wa kaburi lake na la Callcott katika makaburi ya Kensal Green, London, ikaweka bamba linalomtaja kuwa rafiki wa taifa la Chile. Kaburi lilikuwa limechakaa, nalo liko nyumbani kwa Waingereza, katika mji wa chama kilekile kilichofaidika na barua yake. Fedha zilitoka Santiago.