Nguo za Pamba Hai: Zinavyozalishwa na Namna ya Kuzitambua

Nguo ya pamba hai ni vazi lililotengenezwa kwa pamba iliyolimwa bila viuatilifu vya kemikali, mbolea za viwandani wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Nchini Tanzania, pamba ya aina hii imekuwa ikilimwa wilayani Meatu, ambayo sasa ipo Mkoa wa Simiyu, tangu mwaka 1994 kupitia mradi wa bioRe ulioanzishwa na kampuni ya Remei ya Uswisi.

Shambani

Pamba hushambuliwa sana na wadudu, hususan funza wa vitumba. Mkulima wa pamba ya kawaida hulazimika kupulizia viuatilifu, na anapofanya hivyo bila glavu wala barakoa huhatarisha afya yake, ya familia yake na vyanzo vya maji. Mkulima wa pamba hai hutegemea samadi, kilimo cha mzunguko, dawa za mimea kama mwarobaini, na alizeti inayopandwa shambani ili kuvuta wadudu mbali na pamba.

Shamba lililozoea kemikali hupitia kwanza kipindi cha mpito, kwa kawaida miaka 2 hadi 3. Katika kipindi hicho mavuno huweza kupungua, ilhali pamba bado haiwezi kuuzwa kwa jina la pamba hai. Ndiyo maana mkataba wa ununuzi wenye nyongeza ya bei ni muhimu. Bila huo, gharama ya kulinda mazingira humwangukia mkulima peke yake.

Kiwandani

Pamba safi pekee haitoshi. Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, lililokuwa na viwanda vya nguo, liliporomoka na kuua watu 1,134. Tukio hilo lilidhihirisha kuwa vazi zuri laweza kutoka mahali pasipothamini uhai wa mshonaji.

Kwa sababu hiyo, kiwango cha kimataifa cha GOTS hukagua hatua zote, kuanzia kuchambua pamba, kusokota nyuzi, kufuma na kutia rangi hadi kushona. Kiwango hicho hukataza ajira ya watoto, kazi ya kulazimishwa na rangi zenye sumu, na hutaka majitaka ya kiwandani yasafishwe kabla ya kutiririshwa.

Dukani

Maneno "rafiki wa mazingira" pekee si uthibitisho. Chini ya GOTS, nguo huitwa ya kilimo hai iwapo angalau asilimia 95 ya nyuzi zake zimethibitishwa. Yenye angalau asilimia 70 hutajwa kuwa imetengenezwa kwa nyuzi za kilimo hai. Lebo halali huonesha jina la taasisi iliyothibitisha na namba ya leseni, ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki kwenye kanzidata ya GOTS mtandaoni.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Mwananchi mwenye shaka na madai ya muuzaji anaweza kuwasilisha malalamiko yake Tume ya Ushindani (FCC), akiambatisha risiti na lebo ya nguo husika.

Aidha, kuvaa nguo kwa muda mrefu na kuipeleka kwa fundi cherehani inapochanika hupunguza taka, iwe ni ya pamba hai au ya kawaida.