Ndege na Mzigo wa Kichwa

Kila taifa hutunza kumbukumbu za vita vyake kwa namna yake. Huko Duxford, Uingereza, penye uwanja wa zamani wa jeshi ambao sasa ni makumbusho, ndege za vita vilivyopita hurushwa tena mbele ya umati. Wazazi huja na watoto ili wawaonyeshe chombo alichokirusha babu. Ada hiyo ni njema, kwani mtoto huelewa upesi historia iliyopita mlangoni kwao. Dodoma haina makumbusho ya namna hiyo. Lakini vita vya ndege viliifikia nchi ile pia, na nyumba zake zilivilipia.

Majeshi ya Jenerali van Deventer yaliutwaa mji wa Dodoma tarehe 29 Julai, 1916. Mwaka ule Kikosi cha 26 cha ndege za Waingereza, chenye watu wengi kutoka Afrika Kusini, kilipeleleza na kuangusha mabomu katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi. Rubani aliona mbali, lakini pori liliwaficha askari wa von Lettow-Vorbeck. Chini, ndorobo waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota. Basi chakula na risasi vikapanda vichwani mwa watu. Jeshi lenye mabawa angani lilikwenda ardhini kwa miguu ya wapagazi.

Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Huku nyuma, Ugogo ilitozwa nafaka, ng'ombe na vijana, kwanza na Wadachi, kisha na Waingereza. Mvua nazo zilipokosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoua watu wengi baina ya 1917 na 1920.

Amani iliporudi, ndege nazo zilirudi kwa kazi nyingine. Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilifikisha njia yake ya London hadi Cape Town, na Dodoma ikawa kituo baina ya Moshi na Mbeya. Mwaka 1937 zilipoletwa ndege zinazotua majini, njia ilihamia pwani. Vitabu vya usafiri wa anga havikusahau kituo kile cha miaka michache. Mpagazi hana ukurasa ndani yake. Yeye amebaki katika jina la Kariakoo, Dar es Salaam, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chake. Nalo hutajwa kila siku na wanunuzi wasiomkumbuka.

Wajukuu wa wapagazi nao ni jamaa za watu wa vita, ingawa hawakurithi nishani. Siku makumbusho ya ndege yatakapojengwa katika uwanda wa kati, mzigo wa mpagazi na uwekwe kando ya bawa la ndege. Kazi ya kukusanya majina yao haihitaji kungoja jengo: wanafunzi na wawaendee wazee waliosimuliwa na waliouona Mtunya, wakayaandike.