Damu Inayoeleza Habari za Ubongo

Msafiri wa barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru huijua Kikopey kwa nyama choma. Nyuma ya vibanda hivyo kuna maisha ya kawaida, na katika familia nyingine yumo ndugu mwenye hali ya Down. Akifika miaka arobaini na kitu, akaanza kusahau njia ya nyumbani au kushindwa kujivika nguo, ni rahisi watu kusema ndivyo alivyozaliwa. Sivyo, na historia inatuonyesha kwa nini.

Daktari Mwingereza John Langdon Down aliielezea hali hii mwaka 1866. Kwa miaka mingi wataalamu wa ng'ambo waliamini kuwa ni nadra kwa Waafrika. Mwaka 1955, Luder na Latimer Musoke wa Kampala walichapisha habari za watoto Waafrika waliozaliwa nayo. Mwaka 1982, utafiti wa Ibadan, Nigeria, ulikuta mtoto mmoja katika kila 865 wanaozaliwa. Watoto walikuwepo siku zote. Waliokosekana ni wa kuwahesabu.

Chanzo chenyewe kilitangazwa Paris mwaka 1959 na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin: kromosomu za 21 huwa tatu badala ya mbili. Mwaka 1984, George Glenner na Caine Wong wa California waliikuta protini ya amiloidi, ile ya ugonjwa wa Alzheimer unaofuta kumbukumbu, katika ubongo wa watu wenye hali ya Down. Mwaka 1987 ikathibitika kuwa jeni ya protini hiyo imo katika kromosomu ya 21. Mwenye kromosomu tatu huitengeneza kwa wingi, hivyo afikapo miaka 40 karibu kila mmoja huwa nayo imeganda ubongoni.

Zamani hayo yalionekana tu mtu akishakufa. Sasa damu ya mkononi huonyesha nyurofilamenti, vumbi la neva zinazoharibika, na protini ya tau iliyobadilika. Mwaka 2020, Juan Fortea wa Barcelona na wenzake, waliowapima watu wazima karibu 400, walionyesha kuwa mabadiliko huanza miaka 20 au zaidi kabla ya dalili za Alzheimer.

Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka huohuo unashauri uchunguzi wa kila mwaka kuanzia miaka 40. Daktari hutazama pia tezi ya shingo, masikio, macho na usingizi, kwani hitilafu za viungo hivyo na za usingizi huleta dalili zinazofanana na usahaulifu na nyingi zinatibika.

Kwa hiyo, ndugu wa Kikopey na mji jirani wa Gilgil, mpelekeni jamaa yenu hospitali mapema, mkaeleze alichokuwa akikiweza mwaka jana na asichokiweza leo. Nayo kaunti ya Nakuru iwaandalie watu wazima hawa kliniki yao. Miili yao imeufundisha ulimwengu kuuelewa ugonjwa wa Alzheimer. Ni haki yao kuwa wa kwanza kunufaika.