Uzito Katika Nchi ya Maniema

Kabla ya karne ya 19, katika misitu ya Warega ambamo mji wa Kampene, mkoani Maniema nchini Kongo, upo leo, mzigo ulikaa juu ya mwili wa mtu. Mwanamke alirudi shambani na kitunga mgongoni, kamba yake ikipita kipajini, naye ameinama mbele. Angesimama wima, ndizi zingemvuta nyuma aanguke. Nyumbani aliinua mchi kwa mikono, kisha uvutano wa ardhi ukaurudisha kinuni kwa kishindo. Isaac Newton alipochapisha kanuni zake za mwendo na uvutano mwaka 1687, aliziandika nguvu ambazo migongo ya watu hawa ilizijua siku zote.

Katika miaka ya 1860 misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliingia Maniema. Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, ikawa soko kubwa, na katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, akaweka makao yake Kasongo. Watu wa pwani walileta Kiswahili na mpunga. Walichukua pembe za ndovu na watumwa. Mbung'o waliua wanyama wa kukokota, na gurudumu halina kazi pasipo barabara. Kwa hiyo kila pembe ilivuka milima na mito begani kwa mtu hadi pwani, na wengi waliobebeshwa hawakuwa na hiari.

Vita vya 1892 hadi 1894 dhidi ya wafanyabiashara hao vikaleta utawala wa Mfalme wa Wabelgiji, lakini mabega yalibaki chini ya mzigo hadi reli ilipojengwa. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilikusudia kuyapita maporomoko ya Lualaba, ambako kasi ya maji ilizuia meli. Mwaka 1911 njia ya Kindu hadi Kongolo ilikuwa imekamilika. Mwaka 1915 reli ikafika Ziwa Tanganyika. Siri yake ni msuguano mdogo: gurudumu la chuma likibiringika juu ya chuma hubonyea kidogo mno, wala halizami. Injini moja ikafanya kazi ya wapagazi wengi sana.

Ndipo zama za madini zikaja. Kampuni ya Symétain iliundwa mwaka 1932, na bati la Maniema likawa na thamani kubwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Usafishaji wake ni ushindani wa nguvu. Mchimbaji huzamisha karai lenye mchanga mtoni, hulitikisa, hulizungusha, hulilaza kidogo. Kila punje ndani ya maji hupungukiwa uzito sawa na wa maji iliyoyasukuma, kama Archimedes alivyoonyesha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mchanga, wenye uzito wa karibu mara 2.65 ya maji, hupoteza zaidi ya theluthi moja, na mkondo huuchukua. Kasiteriti, yaani madini yenye bati, karibu mara 7, hupoteza sehemu moja tu ya saba. Hubaki chini, nyeusi. Dhahabu, mara 19.3, hupungukiwa kidogo mno, nayo hutulia chini ya vyote.

Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa kampuni moja, Sominki. Mwaka 1982 serikali iliruhusu wananchi kuchimba wenyewe. Mwaka 1985 bei ya bati ikaporomoka duniani. Vita vya 1996 na 1998 vilimaliza kilichobaki. Mitambo ikanyamaza, barabara zikamezwa na msitu na matope, na kazi ikarudi mikononi mwa watu na makarai yao.

Kampene ya leo ni zao la zama hizo zote. Baiskeli husukumwa ikiwa na magunia ya mchele au madumu ya mawese. Gololi hupunguza msuguano ekselini, lakini tope hulishika tairi. Mlimani sehemu ya uzito huivuta nyuma, na mteremkoni uzito uleule huisukuma hata breki zishindwe. Nguvu hazijabadilika tangu enzi za kitunga. Kilichobadilika ni zana, na nani anazimiliki. Barabara si pambo la serikali: ndiyo inayoamua kama uzito utabebwa na gurudumu au na mgongo, na mgongo wa Maniema umebeba zamu yake na ya wengine.