Wanawake wa Usangi, Mgogoro wa Mbiru na Kalamu Zilizowaandika

Historia ya siasa za wanawake wa Milima ya Upare, nchini Tanzania, haiwezi kuandikwa bila kurejea mgogoro wa mbiru wa miaka ya 1940, kwa sababu hapo ndipo wanawake wa Usangi, katika Upare ya Kaskazini, walipoukabili waziwazi utawala wa kikoloni wa Waingereza, na ndipo lilipozuka suala ambalo waandishi watetezi wa haki za wanawake wamelishughulikia tangu wakati huo, yaani ni nani anayeyaandika matendo ya wanawake, na anayapa maana gani.

Mbiru ilikuwa kodi iliyokadiriwa kwa kufuata mali ya kila mlipaji, tofauti na kodi ya kawaida ambayo kila mwanamume alilipa kwa kiwango kimoja. Makadirio hayo yaliwekwa mikononi mwa wafumwa, yaani watawala wa jadi ambao Waingereza waliwafanya mawakala wa serikali yao, na wananchi waliona humo mlango wa upendeleo na wa kuchunguliwa mali zao. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi huko wakidai, si kusamehewa kodi, bali kuondolewa kwa utaratibu huo wa makadirio.

Waliobaki milimani walikuwa wanawake, na mzigo wote wa migomba, mahindi, mifugo na watoto ukawaangukia. Jambo hili halina budi kutazamwa kwa makini, kwa kuwa mali iliyokadiriwa kwa jina la mume ilikuwa kwa sehemu kubwa tunda la jasho la mke, hivyo si sahihi kudhani kwamba wanawake waliingia katika mgogoro ule kwa ajili ya kuwasaidia waume zao tu. Mkuu wa wilaya alipofika Usangi walimkabili wakiwa kundi kubwa na kumpa chaguo moja: ama amalize mgogoro ili waume zao warudi nyumbani, ama awape mimba wote yeye mwenyewe.

Kauli hiyo huweza kuchukuliwa kuwa tusi la hasira, lakini ilikuwa hoja ya kisiasa iliyofikiriwa. Ilimwonesha mtawala kwamba sera yake imesimamisha uzazi na maisha ya jamii nzima, na ilitumia silaha ambayo mwanamume mwenye cheo hakuwa na jibu lake. Miaka zaidi ya 20 kabla ya hapo, Machi 1922, Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa ametumia njia inayofanana na hiyo huko Nairobi, alipoinua nguo yake mbele ya umati uliodai kuachiwa kwa mwanasiasa Harry Thuku, akiwasuta wanaume kwa kusitasita kwao, kisha akauawa kwa risasi. Mbiru yenyewe hatimaye ilifutwa.

Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyeji wa Upare, aliupa mgogoro huo nafasi yake katika historia ya taifa kwa kitabu chake kuhusu mbiru kilichotoka 1971. Aliyewaweka wanawake katikati ya masimulizi ni Jean O'Barr, msomi wa Kimarekani aliyefanya utafiti Upare kuhusu mabalozi wa nyumba kumi wa chama cha TANU, na ambaye katika miaka ya 1970 aliandika makala mahususi juu ya ushiriki wa wanawake wa Kipare katika siasa. Msimamo wake ulikuwa wa kifeministi, maana yake ulikataa kupima siasa kwa vyeo na kura peke yake, kwa sababu kipimo hicho huwafanya wanawake waonekane hawapo hata pale walipobadili mambo. Mwaka 1983 alianzisha programu ya masomo ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Duke, na 1985 akaandika utangulizi wa kitabu cha Muthoni Likimani, mtangazaji na mwandishi wa Kenya, kinachosimulia maisha ya wanawake wakati wa vita vya Mau Mau.

Likimani aliandika akiwa ameyaona mambo hayo kwa macho yake, ilhali O'Barr alikuwa mgeni, na utafiti wake ulichapishwa kwa Kiingereza, mbali na wasomaji wa Usangi. Suala hilo la nani anayewaandika wanawake liliwahusu pia waanzilishi wa Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, miongoni mwao Fatma Alloo, walipokiunda chama hicho 1987 na kuliita jarida lao Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Kwao, mwanamke asingeendelea kuwa habari iliyoandikwa na wengine. Angeandika na kutangaza mwenyewe, na kampeni zao zilichangia kupatikana kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998.

Hata hivyo, katika masimulizi ya mbiru viongozi wanaume kama Paulo Mashambo hutajwa kwa majina, na wanawake kwa kawaida hutajwa kwa jumla kama wanawake wa Usangi. Wasichana wa 1945 walio hai wanakaribia au wamepita miaka 100, na mwanahabari wa wilaya ya Same au ya Mwanga anayezungumza Chasu, lugha ya Wapare, bado anaweza kuwauliza mabinti na wajukuu wao ni nani aliyesimama mbele siku ile, na ni nani aliyesema nini.