Mchoro wa kipuri husomwa kabla ya kugusa chuma

Fundi stadi hakimbilii mashine ya kukereza. Husoma mchoro wote kwanza. Tuseme ameletewa shafti yenye alama ya 25 h7. Kipenyo chake hakiruhusiwi kuzidi milimita 25 wala kupungua chini ya milimita 24.979, nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Kikipungua zaidi, kipuri ni cha kutupwa, na gharama ya chuma imepotea.

Kisha hutazama iwapo chuma kitatiwa ugumu kwa moto, jambo ambalo wanagenzi wengi hulisahau. Ikiwa ndivyo, mfereji wa kushikizia gurudumu huchongwa mapema, kwani chuma kigumu huharibu visu vya mashine. Na kwa kuwa joto hukipinda chuma, shafti huachiwa unene kidogo wa ziada, usagwe kwa jiwe mwishoni.