Mbwa Aliyekuwa na Kwao: Historia ya Kuwaokoa na Kuwalea Wanyama Waliotupwa

Chini ya sakafu ya mbao ya kituo kimoja cha kupimia majani chai, pembezoni mwa Kiptere huku Kericho, mahali ambapo wakulima hufika baada ya adhuhuri na vikapu vyao mgongoni wakasubiri karani, mizani na lori la kiwanda, mbwa jike mmoja alizaa watoto watano katika siku ambazo mvua za masika zilikuwa hazikatiki, akiwa amechagua mahali pakavu ambapo usiku hapana mtu wa kumfukuza. Hakuna aliyemjua. Rangi yake ilikuwa ya udongo uliochujuka, sikio la kushoto limechanika, mbavu zahesabika. Na shingoni, pande zote, manyoya yalikuwa yamelika kwa mstari mwembamba kama uzi, palipokaa kamba kwa miaka. Mstari huo ndio ulionifanya nichuchumae nimtazame kwa muda mrefu, maana mbwa aliyekaa na kamba shingoni kwa miaka ni mbwa aliyekuwa na kwao, akaitwa jina akaitika, kisha siku moja wenyewe wakaondoka wakamwacha.

Lugha yetu ina majina mawili ya wanyama wa namna hiyo. Mbwa asiye na mwenyewe ni mbwa koko. Paka dume aliyekwenda porini akasahau meko ni paka shume. Kwa kuwa tumeyazoea majina hayo tangu utotoni, twadhani kuwa yanataja jinsi za viumbe, kana kwamba Mwenyezi Mungu aliumba mbwa wa nyumbani siku moja na mbwa wa jalalani siku nyingine. Mimi naamini sivyo. Mbwa koko ana tarehe yake, nayo ni tarehe ya watu waliohama, waliohamishwa, walioajiriwa na waliofukuzwa kazi; na yeyote atakaye kumhifadhi hana budi kwanza kujua alivyopatikana.

Katika maboma ya Kipsigis ya zama za mababu, mbwa, ambaye kwa Kikipsigis ni ng'ogta, alikuwa na kazi, na kwa sababu ya kazi alikuwa na mahali pake. Alilala karibu na zizi, akabweka chui alipokaribia ndama, akafuatana na vijana kuwinda, akala makombo ya ugali wa wimbi. Sitaki kuidanganya hadhira yangu kwamba alibembelezwa. Aliishi maisha magumu kama walivyoishi wenyewe. Lakini alijulikana ni wa nani, na hata leo Ng'ok, jina litokanalo na mbwa, ni jina la watu wenye heshima zao katika Kericho na Bomet.

Pwani, ambako maneno mengi ya lugha hii yalizaliwa, mambo yalikuwa na sura nyingine. Kwa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na Mwislamu wa Lamu au Mombasa hakumwingiza mbwa chumbani. Bali paka alikuwa twahara, akilala msikitini na barazani, na paka wa vichochoro vya Lamu, wenye miili myembamba na masikio makubwa, ni maarufu mpaka nchi za mbali. Hata hivyo, unajisi haukuwa ruhusa ya dhulma. Imepokewa katika hadithi sahihi habari ya mtu aliyeshikwa na kiu safarini, akashuka kisimani akanywa, na alipotoka akamwona mbwa akilamba udongo kwa kiu, akarudi chini, akakijaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mola akamsamehe dhambi zake. Na imepokewa vilevile habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Masimulizi hayo yalisomwa madarasani pwani karne nyingi kabla ya jumuiya yoyote ya wanyama kuundwa Ulaya.

Huko Ulaya, nako, sheria ilichelewa. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kwanza ya kuzuia kutesa mifugo mwaka 1822, kwa juhudi za Richard Martin. Miaka miwili baadaye watu wachache walikutana katika mkahawa mmoja wa London wakaanzisha jumuiya ya kuwalinda wanyama. Na mwaka 1860 bibi mmoja, Mary Tealby, akafungua huko Holloway makao ya mbwa waliopotea, akachekwa na magazeti kwamba anawapa mbwa huruma iwapasayo watu. Makao hayo yalihamia Battersea mwaka 1871, yakaanza kupokea paka mwaka 1883, na yapo hadi leo.

Fikra hiyo ilifika Nairobi pamoja na reli. Mwaka 1910 iliundwa jumuiya ya kuzuia ukatili kwa wanyama katika Afrika ya Mashariki, ambayo leo twaiita KSPCA. Na tukitaka kuifahamu hali ya zama hizo na tuikumbuke njia ya kutoka stesheni ya Lumbwa, ambayo sasa ni Kipkelion, hadi Kericho, ambako kila gunia lilikokotwa na mafahali waliofungwa nira, wakipanda milima kwa mjeledi huku magari yakizama matopeni. Nchi iliyobeba mizigo yake kwa ng'ombe na punda ilikuwa na jeraha katika kila mgongo. Habari ya mbwa asiye na kwao ilikuja kukua baadaye, miji ilipokua.

Hapa kwetu ilikua na chai. Katika miaka ya 1924 na 1925 makampuni makubwa, Brooke Bond na James Finlay, yalianza kupanda chai Kericho, na ardhi iliyokuwa ya malisho na misitu ikawa mashamba yasiyo na mwisho wa macho. Wafanyakazi walikuja kutoka Kisii, sehemu nyingine za Nyanza na kwingineko, wakapewa nyumba katika kambi za mashamba. Nyumba ilifuata kazi: kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Mtu alifuga mbwa kwa ajili ya wezi, au paka kwa ajili ya panya waliokula unga, na siku ya kuondoka alipakia godoro, sufuria na watoto juu ya gari, na mbwa akalifuata gari hadi barabarani, akakimbia mpaka akachoka. Nimeliona hilo mara nyingi utotoni, na kwa yakini sikumwona mtu aliyeondoka bila ya kugeuka nyuma. Hawakuwa watu wakatili. Walikuwa watu wasio na pa kumpeleka mnyama.

Wakati huohuo hofu ilikuwa imekwisha kuingia, na hofu hiyo ilikuwa na haki. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja kandokando ya Nairobi, na mwaka 1928 kikathibitishwa kwa binadamu, mwanamke wa upande wa Nyanza. Ni maradhi yasiyo na dawa dalili zikisha kuonekana, na aliyewahi kumwona mgonjwa anayetetemeka kwa kuona maji kikombeni hamlaumu mtu kwa kuogopa. Serikali ilijibu kwa amri: mbwa wafungwe, na aonekanaye akizurura katika eneo lenye maradhi auawe. Sheria ya kichaa cha mbwa, sura ya 365 ya sheria za Kenya, yaendelea kutoa uwezo huo.

Nikiwa na umri wa miaka minane hivi niliamka alfajiri katika mji mmoja, ambao sitautaja, nikakuta njiani vipande vya nyama vilivyotupwa usiku na watumishi wa baraza. Ndani ya nyama mlikuwa na strikinini. Mbwa wa jirani, aliyekuwa na jina, aliyekuwa na bakuli lake, alikuwa amelala ubavu mferejini, miguu imekakamaa kama ya meza iliyopinduliwa, na bado anapumua. Tulimtazama hadi jua likapanda. Watu wazima walituambia twende shule.

Nimesoma tangu hapo, na lililonisikitisha zaidi ni kwamba mauaji yale hayakuleta faida iliyokusudiwa. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema bayana kuwa hakuna ushahidi kwamba kuua mbwa kumepunguza idadi yao kwa muda wa maana, wala kumezuia kuenea kwa kichaa chao. Sababu yake si ngumu: jalala lililowalisha mbwa kumi likibaki, wengine kumi watakuja, na watakaokuja ni wachanga na hawajachanjwa, ilhali waliouawa pengine walikuwa na kinga. Kinachofaa ni sindano. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, na kazi hiyo ikirudiwa kila mwaka, maradhi hukosa njia ya kupita. Na ni juu ya msingi huo Kenya ilipoweka, mwaka 2014, mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030.

Wakazi wa Bomet wana sababu nyingine ya kulitazama jambo hili, kwa kuwa nchi yao yapakana na Narok, na Narok ndimo ilimo Maasai Mara. Mwaka 1991 mbwa-mwitu walitoweka katika nyika za Serengeti na Mara, na kichaa kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyowaua. Mwaka 1994 theluthi moja hivi ya simba wa Serengeti walikufa kwa maradhi mengine ya mbwa, ambayo wataalamu waliyahusisha na mbwa wa vijijini. Ndipo, upande wa Tanzania, ilipoanza kazi ya kuwachanja mbwa katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Simba, mtoto wa shule na mbwa wa bomani wamo katika mnyororo mmoja.

Sheria nayo ilikuwa imetangulia. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, ilipitishwa mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na miongoni mwa makosa iliyoyataja ni hilo la mwenye mnyama kumtelekeza pasipo sababu ya haki katika hali itakayomtesa. Laiti ingejulikana! Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi zilipokimbia Kericho na sehemu nyingine za Bonde la Ufa zikiacha moto nyuma, hapana aliyekuwa na nafasi ya kufungua kamba ya mbwa, wala sheria haiwezi kuwahukumu. KSPCA ilituma watu wake katika Bonde la Ufa kuwalisha na kuwaokoa wanyama waliobaki, ng'ombe na punda, mbwa na paka. Mimi naihesabu kazi hiyo, iliyofanywa wakati ambapo wanadamu wenyewe walikuwa wamelala viwanjani, kuwa ni miongoni mwa mambo ya heshima katika historia ya nchi yetu.

Utaratibu wa hifadhi ya wanyama kama ile ya KSPCA ya Nairobi ni mwepesi kuueleza na mzito kuutenda. Mnyama huokolewa, hutazamwa na daktari, huchanjwa, hufungwa uzazi. Walio wachanga mno au wagonjwa huhitaji mlezi wa muda, mtu akaaye nao nyumbani wiki kadhaa hadi wapate nguvu. Kisha hutafutwa wa kuwaasili, naye huulizwa ana ua wa namna gani, nani atakuwa nyumbani mchana, na akihama atafanyaje. Swali hilo la mwisho ndilo kiini. Na hifadhi hujaa, kwani wanaotupa ni wengi kuliko wanaochukua, na mnyama asiyepata mtu kwa muda mrefu hali yake ni ya mashaka.

Kutoka Kiptere hadi Nairobi ni safari ndefu, na hakuna mtu atakayempeleka huko mbwa mwenye kovu la kamba. Basi kazi ilifanywa hapahapa. Jirani yangu mmoja mzee, Kogo, yaani nyanya, kwetu sote, alikuja kituoni na majani yake, nikamwamkia, "Chamgei, Kogo," akaitikia, kisha akainama akachungulia chini ya mbao bila ya kutua kikapu.

"Huyu amezaa lini?"

"Yapata wiki, Kogo."

"Boma langu halina mbwa tangu mwaka jana, na kuku wangu wanakwisha. Watoto wakifumbua macho, mniletee mama yao pamoja nao."

Tulimpelekea baada ya siku kumi, ndani ya kreti ya soda iliyotandikwa gunia. Mtoto mmoja alikuwa amekwisha kufa kwa baridi. Kogo aliwapa maziwa yaliyochanganywa na ugali laini, akaweka gunia chini ya ghala ya mahindi, na usiku wa kwanza yule mama hakulala. Alikaa akitazama lango, kama asubiriye kufukuzwa. Wiki ya tatu alibweka kwa mara ya kwanza, mgeni alipoingia. Kamba hafungwi tena. Daktari wa mifugo alipopita alichanjwa, na kadi yake imechomekwa darini pamoja na risiti za majani chai.

Madume wawili wamechukuliwa, mmoja Sigowet na mmoja upande wa Sondu. Majike wawili wamebaki, kwa kuwa watu wengi huogopa jike kwa ajili ya uzazi, ilhali uzazi hufungwa na daktari, nasi tulio jirani tumekubaliana kuchangia gharama hiyo. Wana afya, wanakula vizuri, na mmoja ana sikio jeupe. Mwenye boma lenye nafasi, asiyetarajia kuhama karibuni, na aje Kiptere kituoni baada ya adhuhuri, saa ya mizani, amwulize Kogo.